Usingizi Wangu Haukuwa wa Rubisi

Sogeeni karibu mnisikie, maana jambo hili nikilisimulia mpaka leo mwili unanisisimka.

Mimi naitwa Ta Byabato, kwetu ni Kaagya. Nilikuwa na kibanja changu, migomba na kahawa, lakini watu walinijua kwa kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi. Harusi yoyote, posa yoyote, waliniita. Ndizi mbivu zinamwagwa ndani ya mtumbwi wa mti, unachanganya na nyasi, unakanyaga mpaka maji matamu yanatoka. Na si nyasi zozote! Ukikosea nyasi, rubisi inaharibika na jina lako nalo.

Wakati wa ujamaa tukahamishiwa kijiji kipya upande wa Muleba, ukingoni mwa pori. Nyasi nzuri zilikuwa ndani ya pori, kwenye mbung'o. Mke wangu Paskazia akaniambia, "Baba Elizeus, si ukamulie majani mengine tu?" Nikamjibu kwa ukali, "Unataka watu wanicheke?" Kiburi cha kazi, jamani! Nikaenda. Mbung'o akaniuma begani, juu ya shati. Nilimpiga kofi, nikaendelea kukata.

Siku chache baadaye bega likavimba, pakawa pagumu, pekundu. Ikaja homa, tezi za shingo zikatokeza. Nikameza vidonge vya malaria, homa ikashuka, ikarudi. Halafu ukaja usingizi. Sio wa kuchoka, la! Nilisinzia nimeshika jembe kwenye shamba la pamoja. Nilisinzia na tonge mdomoni. Siku moja nikaanguka ndani ya mtumbwi, katikati ya ndizi. Walinitoa nimelowa mpaka masikioni, na mkojo umenitoka. Watu walicheka mpaka basi. "Ta Byabato kalewa rubisi ambayo haijachacha!"

Naapa, sikuwa nimeonja hata tone. Lakini mkamuaji akianguka, nani atamwamini? Mwenyekiti wa kijiji akanisimamisha mkutanoni. "Huyu ni kupe. Wenzake wanalima, yeye analewa." Nikataka kujitetea, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka ya kilevi kwelikweli. Paskazia akaficha vibuyu vyote, analia, "Utaniachia watoto kwa ajili ya pombe?" Nilikonda, mikono ikatetemeka, nikashindwa kufunga vifungo. Nilijua nakufa, tena nakufa mlevi.

Basi Paskazia akakaa mlangoni siku tatu, hakuingia mtu na kibuyu. Bado nikalala. Akapiga ukelele, "Mawe, mama yangu! Huyu hajalewa, huyu anakufa!" Majirani wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, lori la kahawa likatufikisha hospitali Bukoba.

Daktari akanichoma kidole, akatazama kwenye hadubini. Kisha akasema, "Mzee, njoo utazame mwenyewe." Yesu na Maria! Ndani ya damu yangu kulikuwa na vitu vyembamba vinajinyonganyonga, vinasukuma chembe za damu huku na huku. Viko hai! Ndani yangu!

"Kila kimoja ni chembe moja tu," akasema. "Hakina mguu wala mdomo. Kinajigawa, kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Mbung'o hunyonya damu ya pongo wa porini, na pongo mwenyewe haumwi. Vijidudu vinakomaa tumboni mwa mbung'o, vinapanda mpaka kwenye mate yake. Akikuuma, anakuachia. Vikishajaa kwenye damu vinaingia ubongoni. Ndiyo malale hayo."

Paskazia akapiga magoti sakafuni. "Mume wangu, nisamehe."

Wakanitoa maji ya uti wa mgongo. Sindano ya mshipani iliunguza kutoka mkononi mpaka kifuani, nikang'ata shuka. "Dawa hii nayo ni sumu," daktari alinionya, "lakini bila hiyo hutapona." Nikasema, choma. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alishikwa na degedege, akafa namwona. Mimi nikapona. Asubuhi moja nilishika kikombe cha chai, hakikumwagika. Nililia.

Siku ya kuruhusiwa daktari akauliza, "Nani mwingine mlikata naye nyasi?"

Hapa kuna jambo sijawaambia. Mdogo wangu, Deogratias, ndiye niliyekuwa nakata naye. Tulimzika kabla mimi sijaanza kusinzia. Naye alilala mchana, naye aliangukaanguka. Na kaburini ni mimi kaka yake niliyesema, "Pombe imemmaliza." Mimi!

Nilipofika kijijini nilikwenda kwanza kwa mjane wake, nikamweleza yote. Alijishika kichwa, hakulia. Akawaita watoto, akawaambia, "Tata yenu hakuwa mlevi. Aliumwa." Mimi hakunitazama.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mke wangu aliyekaa mlangoni. Nanyi mnaoingia porini, mbung'o akikuuma ukapata homa isiyosikia dawa, kapimwe damu haraka. Na mtu akisinzia mchana, akakwambia hajanywa, mwamini. Mdogo wangu aliniambia mara mbili.