Kitambaa Chini ya Mausi

Mausi za siku hizi zina taa tumboni na hazijali zinapita juu ya nini. Mwanangu huiburuza yake juu ya godoro, juu ya goti, na nisipomkemea ataiburuza juu ya mkate. Ile niliyojifunzia mimi Mwanza, miaka ile viwanda vilipokuwa vinauzwa na kila mtu anaogopa barua, ilikuwa na goroli nzito ya mpira tumboni, na ilitaka meza iliyo wazi. Hilo la meza iliyo wazi ndilo lililonitia aibu ninayotaka kuisimulia. Ndilo pia lililonipa mtu niliyempenda kuliko dada zangu wa tumbo moja, na dada zangu wakisoma hapa watanisamehe.

Ofisi yetu ilikuwa ya kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Mkolani. Kilikuwa cha umma, kikauzwa, tajiri mpya akaleta rangi mpya ya ukuta, meneja mpya na kompyuta mbili. Wapiga chapa tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa wavuvi wa kule Mara, mdomo mwepesi na vidole vizito. Mwenzangu alikuwa mama wa Kisukuma, mwanakwaya, aliyekuwa akipiga chapa pale tangu mimi nikiwa tumboni. Ofisi nzima, hata mlinzi mwenye mvi, ilimwita Mama, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mama alipiga taipureta huku akizungumza na mtu mlangoni, na barua ikatoka safi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipofika nilikuwa nadonoa herufi moja moja kama kuku, akanifunika mikono kwa gazeti nisivione vidole vyangu.

"Mikono ina akili," akasema. "Wewe iache ifanye kazi, huo mdomo wako ndio uupumzishe."

Ugonjwa wake ulikuwa vitambaa vya kufuma. Saa ya chai, wenzake wakisengenya, yeye alikuwa na sindano yake na uzi mweupe. Simu ilikalia kitambaa. Redio ya mhasibu ilivalishwa kitambaa. Hata lile faili la likizo ambalo halikuwa na likizo ndani lilikuwa na kitambaa chake. Alivichovya katika uji mwepesi wa muhogo, akavipiga pasi, vikasimama vikavu na kung'aa, na ole wako uweke kikombe cha chai juu yake. Kwa Mama, meza tupu ilikuwa mtu aliyetoka nje bila nguo.

Basi kompyuta zilipokuja hakulala. Baada ya siku mbili kila moja ilikuwa na kitambaa kikubwa kichwani, na kingine cha duara, kipana kama sinia, chini ya mausi. Changu alinitandikia mwenyewe. Alikinyoosha pembeni kwa viganja, akarudi nyuma kidogo kukitazama, akasema, "Haya. Sasa na wewe una ofisi." Nilifurahi jamani. Tangu nizaliwe sikuwa nimepewa kitu kilichofumwa kwa ajili yangu peke yangu.

Kompyuta alizileta fundi kutoka Dar, mwenye tai na haraka. Alitufundisha siku moja na nusu, mausi ikiwa mkononi mwake muda wote, kisha akatuonyesha mchezo wa karata uliokuwa ndani ya kompyuta, tucheze ili mkono uzoee mausi. Mama akamtazama fundi yule kuanzia viatu.

"Mimi mwanakwaya, nicheze karata? Ofisini? Saa za kazi? Baba, una wazazi wewe?"

Hakucheza hata mara moja. Nilicheza mimi, kwa niaba ya sisi wawili.

Kabla fundi hajaondoka, meneja akasimama mlangoni na kutusomea hukumu yetu akiwa na kalamu sikioni. Alhamisi ya wiki inayofuata fundi angerudi kutupima. Kompyuta moja ingekwenda kwa mhasibu, na sekretari angebaki mmoja. Alisema hivyo hivyo, mmoja, halafu akauliza kama chai ipo.

Mimi nikikosa kazi ningerudi kwetu kuanika dagaa, na mama yangu angenipokea kwa vigelegele. Lakini Mama alikuwa na watoto watatu sekondari, na mumewe alikuwa ameshapunguzwa kazi melini mwaka uliotangulia, anashinda nyumbani akirekebisha kiti kile kile. Mshahara wa Mama ndio uliokuwa nyumba. Hakunieleza. Nilijua kwa jinsi alivyoanza kuja kazini mapema kuliko mlinzi.

Na mausi ikamkataa. Akiisogeza kulia, mshale kwenye kioo unasimama, unatetemeka, kisha unaruka kama panzi hadi pembeni. Akitaka kufungua barua, anafunga kila kitu. Mwanamke ambaye vidole vyake vilikuwa vinakimbia kuliko maneno ya meneja, alikuwa akikunja uso jasho likimtoka, ameushika ule mgongo wa plastiki kama anamshika kuku asitoroke.

"Mikono imezeeka," akaniambia siku moja, taratibu. "Mikono hii, mwanangu, imezeeka bila kuniaga."

Mausi yangu pia ilikuwa inaruka, nikadhani ndivyo mashine zilivyo.

Jumatatu ya wiki ile ya mtihani Mama alikuwa kwa meneja, anaandika imla. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamwaga chai juu ya kitambaa. Mungu wangu! Nikakitoa mbio, nikakifuta, nikakitandaza dirishani kikauke kabla hajarudi, na wakati nangoja nikaishika mausi. Ikateleza. Mshale ukaenda pale nilipotaka na ukasimama pale nilipotaka, mtiifu kabisa. Nikaipindua mausi, nikaitoa goroli, nikaitazama. Ndipo nikaelewa kwamba goroli ile ilikuwa inazama katika matundu ya ufumaji, inakwama na kujichomoa, inakwama na kujichomoa. Akili za Mama na mikono ya Mama havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kitambaa chake.

Nikasikia viatu vyake kwenye korido. Nikakirudisha kitambaa mahali pake, bado kina unyevu, nikaweka mausi juu, na Mama alipoingia sikusema kitu.

Nimejieleza mara nyingi sababu ya kunyamaza. Mtu anakufumia zawadi kwa mikono yake, mtu mzima wa umri wa mama yako, utamwambiaje kwamba zawadi ndiyo inayomkwamisha? Kwetu humwambii mkubwa hivyo, unatafuta njia ya kuzunguka. Sababu nzuri hiyo, ina adabu. Lakini acha niseme ukweli, maana nimeshakuwa mtu mzima na mimi: niliitaka ile kazi. Adabu niliivaa juu.

Kila Mama alipoitwa kwa meneja, nilikikunja kitambaa changu mara mbili, nikakitia kwenye droo na kufanya mazoezi. Akirudi anakikuta mezani. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Na kila siku nilimwona akihangaika, nikamwambia, "Pole, Mama, utazoea." Mimi huyu! Mdomo wangu ambao haukuwahi kunyamaza hata kanisani, siku tatu nzima ulikwenda likizo.

Jumatano mchana akaja na bakuli lililofunikwa. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga, ametoka nayo nyumbani.

"Kula," akasema. "Kesho tuna kazi, na wewe ukiwa na njaa unakosea herufi." Nilipokuwa na kijiko mdomoni akaongeza, akiangalia dirishani kama anasema habari za mvua, "Jana kwenye kwaya nimetuombea. Wote wawili. Najua kiti ni kimoja, lakini sikuona pa kumkata mtu."

Nikaila ile michembe yote. Niliimeza kwa maji, nikasema asante, nikaenda chooni kujitazama kwenye kioo, na sikupenda nilichokiona.

Alhamisi nilimkuta ameshafika, amevaa gauni la Pasaka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikasema kabla ujasiri haujanitoroka.

"Mama, siyo mikono yako. Ni kitambaa. Goroli inakwama kwenye matundu. Kitoe, utaona."

Akanigeukia polepole. "Kitambaa changu."

"Ndiyo, Mama."

"Nikae mbele ya wageni na meza uchi."

"Mama, nakuomba."

"Mtoto, leo si siku ya kunifundisha kutandika meza," akasema, na sauti yake ilikuwa imefungwa kama duka. Alidhani namchanganya makusudi ashindwe. Nisingemlaumu, maana yangu nilikuwa nimeyafanya, ila yeye alikuwa hajayajua.

Fundi na meneja wakaingia. Nikaanza mimi. Nilikitoa kitambaa changu mbele ya macho yao na yake, nikakiweka pembeni, nikafungua barua, nikapanga maandishi, nikahifadhi kwenye disketi. Mausi ilikwenda vizuri. Vidole vilikuwa vile vile vizito, nikakosea sehemu nne.

Kisha Mama akakaa, mausi yake juu ya kitambaa chake. Mshale ukatetemeka, ukaruka. Akafungua barua, ikajifunga. Fundi akakohoa. Meneja akatazama saa. Mama akajaribu tena, na tena, na nikauona mgongo wa gauni la Pasaka ukilowa. Nilitaka kupiga kelele. Nilisali, mimi mvivu wa sala, nikasema Bwana, kitoe wewe basi kama hanisikii mimi.

Akasimamisha mkono. Hakunitazama. Akainyanyua mausi kwa mikono miwili, akaiweka kando, akakikunja kitambaa chake taratibu, ukingo kwa ukingo, akakiweka mapajani. Akairudisha mausi juu ya mbao tupu, akaisukuma kidogo, kama anayejaribu joto la maji.

Ikaenda.

Jamani, yule mama! Barua ikafunguka, na mikono ikarudi kwenye herufi, na kuanzia hapo hatukusikia tena kikohozi cha mtu. Alipiga chapa kurasa mbili mimi nikihesabu pumzi, bila kosa, akazipanga, akazihifadhi, akauliza kama wanataka na nakala. Meneja akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Hapakuwa na haja ya kikao: kiti kilikuwa cha Mama, na mimi nikapewa wiki mbili za kuondoka.

Walipotoka, nikaenda kumpongeza. Alikuwa amesimama kwenye meza yangu. Ameshika kitambaa changu, amekinyanyua kuelekea mwanga wa dirishani. Kitambaa kilichochovywa uji wa muhogo hakisahau, ukikikunja kinaweka alama. Mistari miwili ilikuwa imekatiza katikati, mikali, na pembeni kuna doa la chai.

"Hiki hakikukunjwa leo," akasema.

Nikaliangalia lile doa la chai.

"Tangu lini?"

"Jumatatu, Mama."

Akahesabu kwa vidole, vile vidole. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano." Akakiweka mezani. "Na michembe yangu ukala."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Hakunibembeleza, na hakunikaripia. Akarudi kwenye meza yake, akaanza kazi. Wiki mbili zilizonibakia aliniitikia marahaba kavu, akanipa karatasi za kupiga, akanirekebishia makosa. Sindano na uzi vilitoka saa ya chai kama kawaida, lakini alifuma akiwa amenipa mgongo. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma namna ile, na mimi nimechapwa na baba mvuvi.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nafunga begi alipokuja. Aliniambia kuna duka la kuchapa barua mjini, karibu na soko, wanatafuta mtu. Alikuwa ameshapita Jumamosi, kwa miguu yake, kuwaambia kwamba binti anakuja, vidole vizito lakini mausi anaijua. Nikaliweka begi chini. Akanipa kitu kimefungwa kwenye gazeti.

Nikafungua. Kitambaa kipya, cheupe, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufuma pale, maua pembeni yote. Na katikati hakuna kitu. Tundu la duara, pana kama sahani, limezungushiwa ukingo safi. Nikakitandaza juu ya meza, na mbao ikaonekana pale katikati, tupu, laini, mahali pa mausi kukimbilia.

"Mama," nikasema, "hapa..."

Akaweka kidole chake kwenye lile tundu.

"Hapa ni siku zako tatu," akasema. Kisha akapitisha kiganja pembeni, taratibu, akizunguka maua yote, hadi kikarudi pale kilipoanzia. "Na huku kote ni Alhamisi."