Masharti Manne ya Ndoa Yangu

Hadi nilipofika miaka thelathini na mbili, wanawake wa mtaa wetu wa Galbet, Garissa, walinisifu kwa kuwa na haya. Simtazami mtu machoni, sichangii umbea, na kwenye sherehe mimi ndiye wa kwanza kuondoka. "Umelea binti mwenye heshima," walimwambia mama. Ukweli ni kwamba macho ya watu huniunguza, umbea wao siufuati, na harusi zetu zina spika kubwa kuliko nyumba. Heshima haikuhusika. Lakini sikukanusha. Nani anakataa sifa ambayo hakuitolea jasho?

Sifa zilikwisha kila nilipofungua mdomo. Mama mdogo aliponiuliza kama amenenepa, nilimwambia ndiyo, nikamwonyesha na wapi. Nikiwa na miaka kumi na minane, mama aliamua nina jini, akanipeleka kwa sheikh anisomee Kurani. Nilitulia vizuri mpaka aliporuka aya moja. Nikamkumbusha. Akarudia, akairuka tena, nikamkumbusha tena. Akavua miwani akamwambia mama, "Jini huyu amehifadhi kuliko mimi." Mama alichinja mbuzi hata hivyo.

Siku hizi nafanya kazi maabara ya hospitali, natazama damu kwa hadubini. Ni kazi nzuri kwangu, maana damu haikuulizi habari za nyumbani. Aliyenigundua ni muuguzi, mama wa Kikristo aliyehamishiwa huku kutoka Kisii. Siku moja jenereta liliwashwa chini ya dirisha letu, nikaenda kujifungia stoo na kuziba masikio. Alinifuata, akasimama mlangoni.

"Dada," alisema taratibu, "mwanangu hufanya hivi hivi. Umewahi kupimwa usonji?"

"Huo si wa watoto?"

"Watoto hukua, dada."

Nilikwenda Nairobi, nikajibu maswali siku mbili, nikarudi na barua. Njiani nililia hadi Mwingi, kwa sababu nilikuwa nimejiita mtu mbaya miaka mingi, na kumbe sikuwa mbaya kuliko majirani.

Nilimkuta mama jikoni akipika anjera. Neno la usonji kwa Kisomali sikulijua, kwa hivyo nilimweleza kwa kuzunguka.

"Kwa hiyo si jini," alisema.

"Si jini, hooyo."

"Na yule mbuzi?"

"Tulimla. Alikuwa mtamu."

Akatoa anjera moja, akamimina nyingine. "Inapona?"

"Haiponi. Ndivyo nilivyo."

"Baba yako alikuwa akipanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa," alisema. "Nilidhani ni ukarimu."

Mwaka uliofuata nikaposwa. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka Wajir, mpole, mtu wa kuongea na ngamia kuliko na watu. Tulizungumza mara tatu kwa simu na sikuchoka, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Mama mdogo alinivuta pembeni.

"Usimwambie kitu," alisema. "Akishaoa, atajua mwenyewe."

"Kama gari la mtumba?"

"Kama sisi sote."

Nilimwambia mchumba siku hiyo hiyo. Akaniuliza nahitaji nini ili niishi vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa hivyo nilimwomba muda, nikachukua kalamu.

Nikaha ilifanyika nyumbani kwa ami yangu, ndugu wa marehemu baba, mtaa wa Iftin, wanaume sebuleni, sisi chumba cha ndani nyuma ya pazia. Sheikh alipouliza kama bibi harusi ana masharti zaidi ya mahari, nilipitisha karatasi. Ami, aliyekuwa walii wangu, yaani msimamizi wa kuniozesha, akaisoma. La kwanza, ubani usichomwe chumbani mwetu. Halafu akakohoa na kusoma kwamba nikinyamaza nisiulizwe nani amenikasirisha, na kwamba kwenye harusi yoyote niruhusiwe kuondoka nikishakula.

"Ami," nilisema kupitia pazia, "umeruka la pili."

Mama mdogo alijifunika uso kwa shungi. Ami akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: mgeni yeyote apige simu kabla ya kuja, ndugu wa pande zote mbili wakiwemo.

Sheikh alisema haoni linalopingana na dini. Bwana harusi akaulizwa. "Nakubali yote," alijibu. "Hilo la pili nimelitafuta maisha yangu yote."

Mama yake alikuwa ameketi karibu nami. Akanigeukia. "Hata mimi?"

"Hata wewe, hooyo."

"Na nikipiga, utapokea?"

"Hapana. Tuma ujumbe."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, jambo ambalo sikuliwekea sharti.

Mama mdogo hakuja kwetu miezi mitano. Sasa huja, na hupiga simu akiwa tayari getini. Kazini niliandika barua jenereta lihamishwe. Ya kwanza ilipotea, ya pili ilijibiwa kwamba hakuna nafasi, ya tatu niliipeleka mwenyewe nikasimama hapo mpaka mkubwa akachoka kuniona. Lilihamishiwa nyuma ya karakana.

Habari zilienea mtaani, kwa umbea ule ule nisioufuata. Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari, msichana wa hapa hapa Garissa, aliingia maabara, akafunga mlango, akasema haumwi, ana maswali tu. Nikampa kiti. Nilimweleza niliyoyajua: nilipimwa wapi, nilivyomwambia mama, nilivyokosea hapa na pale. Baada ya saa nzima nilimwambia nimechoka, aende.

Alisimama haraka. "Mimi nilichoka zamani," alisema. "Sikujua namna ya kuaga."