Tangazo Lisilo na Mwenyewe

Aneth hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Hata pale dukani mjini Same, alikochapa barua za wengine ilhali ana digrii ya Mlimani, wateja walimwomba apaze sauti. Mwaka ule wa 2002 ajira za serikali zilikuwa haba, na baba yake alikwisharudi nyumbani na godoro lake begani tangu shamba la mkonge alikofanya kazi lilipouzwa. Mahali pamoja tu Aneth alisikika: kila programu ya kompyuta iitwayo Zamu iliporekebishwa, yeye ndiye aliyeandika tangazo.

Zamu ilipanga nani afungulie maji ya ndiva lini, yale mabwawa ya milimani yanayojaa usiku ili mashamba yanyweshwe asubuhi. Method, bwana shamba, ndiye aliyeianzisha, akaiacha wazi: yeyote aliruhusiwa kuinakili, kuifungua ndani na kuitengeneza. Aneth alituma matangazo kwa barua pepe kwa watu arobaini na mmoja, kurasa mbili mbili, kila neno amelipiga pasi. Majibu yalitoka hadi Iringa. "Asante, Aneth. Unaandika vizuri."

Kisha akaja Koleta, mwalimu wa hesabu wa Makanya, mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Aligundua kwamba mwezi ukiwa na siku thelathini na moja, Zamu iliwapa watu wawili asubuhi moja. Akairekebisha kwa siku mbili. Tangu hapo Method hakumaliza sentensi bila kumtaja.

Aneth alitangaza marekebisho hayo kama kawaida. Lakini huko Mhezi, kijiji cha milimani, hakuna aliyekuwa na barua pepe, na tarehe thelathini na moja majirani wawili walikutana kwenye ndiva wakiwa na majembe, kila mmoja na karatasi yake ya zamu. Mmoja alivunjika kidole.

Ndipo Mama Rahabu, msimamizi wa ndiva ya Mhezi, akateremka hadi ofisini kwa Method.

"Shikamoo, mama," walisema wote watatu, Method, Koleta na Aneth.

"Marahaba. Nimeambiwa mlitangaza. Mlimtangazia nani?"

Koleta ndiye aliyejibu. "Mama, tangazo lisomwe kanisani na msikitini, kisha libandikwe pale ndivani. Barua pepe ifuate baadaye."

"Programu ya kompyuta," Aneth alisema polepole, "itangazwe pamoja na mbuzi waliopotea?"

"Mwanangu," alisema Mama Rahabu, "mbuzi wakitangazwa hupatikana."

Method alicheka hadi akashika meza. Wakakubaliana: kanisani na msikitini kwanza, nusu ukurasa, maneno ya kusomeka kwa sauti.

"Dada Aneth aandike," Koleta alisema. "Mimi nikiandika, hata mwenyewe sijielewi."

Wema huo ulimuuma Aneth kuliko dharau. Angetukanwa angekuwa na la kujibu.

Usiku ule aliandika vizuri kuliko siku zote. Karatasi za zamani zitupwe. Mpya zichukuliwe ofisi ya usharika. Zamu mpya zinaanza Jumanne. Palibaki mstari mmoja, wa jina la aliyerekebisha, kama ilivyokuwa desturi ya Zamu. Aliuandika, akaufuta. Nafasi ni ndogo, alijiambia. Kulitia jina lake mwenyewe hakuthubutu, basi chini akaweka "Kikundi cha Zamu".

Jumapili alipanda Mhezi kusikia maneno yake yakisomwa. Mzee Manase, mzee wa kanisa, alisoma ndoa, akasoma zamu ya kufagia, akafika kwenye karatasi ya Aneth. Aliitazama mbele na nyuma, kisha akaiweka kando.

"Hili halina mwenyewe," alisema. "Hapa hatusomi tangazo lisilo na mwenyewe. Likileta ugomvi, tutamfuata nani? Kikundi hakina mlango wa kugonga."

Akachukua tangazo la mkutano wa akina mama.

Aneth alihesabu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Watu wangeamka na karatasi za zamani na majembe yao. Mbele yake aliketi mwanamume mwenye kidole kilichofungwa kitambaa cheupe.

Akasimama. "Mzee, karatasi hiyo nimeandika mimi."

"Paza sauti, binti."

"Nimeandika mimi."

"Na hesabu za maji umezitengeneza wewe?"

Kanisa zima liligeuka. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kinywani, jepesi, na Makanya ni mbali.

"Hapana. Ni Mwalimu Koleta, wa Makanya. Nililifuta jina lake."

Mzee Manase aliivuta tena ile karatasi. Alitoa kalamu mfukoni. "Njoo uliandike, na lako chini yake."

Aliandika huku watu wakimsubiri, kisha tangazo likasomwa mara mbili, polepole. Nje, wanawake walimzunguka. Huyo Koleta ni mtoto wa nani? Ameolewa? Anawezaje hesabu hivyo?

"Mlete tumwone," alisema Mama Rahabu. "Tumpikie makande."

"Nitamleta," Aneth alijibu, na wivu wake ukateremka kooni kama tonge la moto lisiloweza kutemwa mbele za wageni.