Ndege ya Mikia Miwili

Kosa nitakalolieleza ni la shahidi anayepunguza ushahidi wake ili ulingane na chuki aliyonayo. Ni kosa la watu wenye heshima, kwa kuwa halihitaji uongo. Kunyamaza mahali pamoja kunatosha. Nilidumu nalo miaka thelathini na sita.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Katika mji wetu wa migodi, kusini mwa Kongo, Jumamosi ilikuwa siku ya kusagisha mahindi. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, na kaka yangu Joachim, mwenye kumi na tisa, tulipanga foleni mbele ya kinu tangu saa moja. Vita vilikuwapo, lakini vilikuwa ng'ambo ya mto, na wanawake walibishana juu ya nani aliyetangulia. Joachim aliwatania kwamba ndoo zao zilifika kabla yao.

Kisha tukasikia mluzi mwembamba angani.

Ndege ilitokea juu ya kiwanda cha shaba, ikainama, ikashuka. Niliona mikia miwili.

Mimi nilijitupa chini ya ngazi ya kinu. Joachim alibaki uwanjani.

Ndoo zilipasuka kwa risasi, moja baada ya nyingine.

Aliishi hadi adhuhuri.

Watu wazima walisema ndege ile ilitumwa na jeshi la kaskazini, lililokuwa likipigana na letu la kusini. Niliamini. Nikakua, nikawa mwalimu wa historia, nikawafundisha hivyo watoto wa watu. Vita vingine vikanifukuza hadi Durban, ambako mwaka 1998 nilikuwa nikilinda magari ya wateja mbele ya maduka ya Morningside, nikiwa na kamusi mfukoni.

Wakongo wa mtaa wetu tulikuwa na chama cha kuzikana. Asiyekuwa mwanachama alizikwa na manispaa, bila wimbo wala jina. Kanuni yetu ilikuwa kali: pingamizi la mwanachama mmoja lilitosha kumzuia mwombaji. Mwaka ule aliomba mpakiaji wa mizigo wa Clairwood, mtu mzima aliyeishi peke yake, mwenye kifua kibovu. Alitoka kaskazini na ujanani alikuwa askari wa jeshi lile. Nikasimama nikapinga. Nikasimulia habari za ndege.

Mwenyekiti, Mama Odile mwenye saluni, alinitazama sana. "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini preuve iko wapi? Ndege haina kabila."

Nikaomba muda niulete huo ushahidi.

Miezi mitatu nilishinda katika maktaba ya mji kila siku ya mapumziko, na sitaficha kwamba nilifurahi kama sikuwahi kufurahi tangu niache darasa. Nilikuta picha ya Vampire, mojawapo ya ndege za kwanza za kivita za jeti za Waingereza, yenye mikia miwili mirefu. Nikasema, ndiyo hii. Nilijifunza kwamba sehemu yake ya mbele ilikuwa ya mbao nyembamba zilizogundishwa, na kwamba injini yake ilikuwa moja. Mtumishi wa maktaba aliyekuwa akiniletea vitabu akaniambia kuwa fundi mmoja mstaafu anayo moja nzima katika banda lake, mtaa wa Jacobs.

Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma, si cha kuzungumza. Nikamwomba Mama Odile mkalimani.

"Kingereza iko naye yeye mwenyewe, yule unamukatala. Alitumika kazi kule Zambia."

"Mshtakiwa awe mkalimani?"

"Wewe shika dictionnaire. Akidanganya, mupige nayo."

Tukaenda, wawili, bila kusemezana. Fundi alifungua banda, na ndege ikaonekana, fupi, ya rangi ya fedha. Yule wa kaskazini alivua kofia.

"Pole, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Umeipata."

Nilizunguka hadi nyuma. Mikia yote miwili ilisimama wima, na kati yake palikuwa na bawa pana la kulala, lililoiunganisha kama benchi. Mikia niliyoiona mimi haikuunganishwa na kitu. Ilitanuka kwenda juu kama vidole viwili, na katikati yake palikuwa na anga tupu.

Ningeweza kunyamaza. Kofia yake ilikuwa bado mikononi.

"Siyo hii," nikasema.

Nikamweleza fundi kwa vidole vyangu. Akaleta albamu, akafungua ukurasa wenye ndege ndogo ya mafunzo ya Kifaransa. Niliijua kabla sijavaa miwani. Fundi akasema maneno machache. Mkalimani hakuyatafsiri.

"Anasema nini?"

"Anasema ilikuwa muzuri kwa kufundisha marubani."

"Anasema nini, bwana?"

Akaikunja kofia. "Kule kwetu, ndege ya namna hii ilikuwa na jeshi moja tu. Si letu, Mwalimu. Lenu."

Hapo nikalisema lile ambalo hata mama yangu sikumwambia. Joachim hakukimbia. Alivua shati akaipungia ndege ile, akicheka, kwa kuwa aliifahamu.

Mwenzangu aliikunjua kofia. "Alikuwa anasalimia watu wa nyumbani," akasema.

Jumapili nililisimulia jambo zima mbele ya chama, pamoja na habari ya shati, nikaliondoa pingamizi langu. Kaka yangu nilimpoteza upya, safari hii bila adui wa kumlaumu. Wanafunzi niliowapandikizia chuki ile wametawanyika, wala siwezi kuwaita tena darasani. Hasara hiyo ni yangu na haina fidia. Lakini majonzi yaliyobaki ni ya kweli, na ninakaa nayo kwa amani ambayo chuki haikunipa.

Mama Odile akanisukumia daftari la wanachama. "Muandike wewe mwenyewe," akasema. Nikaandika, kwa hati yangu ya ubaoni, jina ambalo kwa miezi yote hiyo sikukubali kulitamka: Boniface Lukusa.