Nilivyompeleka Mama Musoma

Baridi ya Nyamira ndiyo iliyomfukuza Mama. Alikuwa mkunga katika hospitali moja mjini Kisii mpaka alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tangu arudi kwetu kwenye majani chai, kila ukungu ulipotanda kifua kilimbana, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Kaka yangu Ombati, seremala kule Musoma, Tanzania, alikuwa akimwandikia kwamba joto la ziwani litamfaa. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi na kitindamimba wake, ndiye niliyeishi naye. Sikutaka aende. Hata hivyo niliomba ruhusa ya wiki moja nikamsindikiza.

Kisii tulikaa siku mbili tukitafuta karatasi. Mgeni wa kukaa muda mrefu alitakiwa awe na cheti cha chanjo ya ndui, barua ya daktari kwamba hana kifua kikuu, na mtu wa kumdhamini kwa matibabu. Daktari alimpiga picha ya kifua akasema ni pumu tu. Mama akamwonyesha karani wa daktari kadi yake ya bima ya hospitali.

"Hii nimekatwa mshahara kwa ajili yake. Huko watanitibu nayo?"

"Hapana, mama. Hiyo inaishia mpakani."

"Basi ibaki. Mimi navuka," alisema, akaifunga tena kwenye leso.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, basi lilitushusha mpakani, tukatembea hadi Sirari, upande wa Tanzania. Afisa wa uhamiaji aliinama kidogo. "Shikamoo, mama."

Kwetu hatusalimiani hivyo. Mama akajibu kwa furaha, "Mzuri sana, asante!" Afisa akacheka, na Mama akacheka naye bila kujua sababu.

Alipofika kwenye karatasi ya mwisho, afisa aliacha kucheka. "Ndugu mwalimu, barua ya mdhamini iko wapi?"

Ombati, aliyetakiwa kuiandika, hakuituma. Nilisema hivyo hivyo.

"Bila mdhamini nitampa majuma mawili tu, kisha arudi. Au wewe mwenyewe utie sahihi hapa. Akiugua, gharama ni zako. Akishindwa kukaa, unakuja kumchukua."

Nilishika kalamu, nisiandike. Majuma mawili! Nikinyamaza tu, Mama atakuwa nyumbani kabla mwezi haujaisha. Nadhani Mama aliyasoma hayo usoni mwangu.

"Kwamboka," aliniambia kwa Kigusii, "usiposaini sitakununia. Nitarudi, tuendelee kukohoa pamoja."

Alikusudia mzaha, lakini kikohozi kikamshika kweli, akaegemea meza. Nikaandika jina langu. Herufi zilipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Alasiri tuliuvuka Mto Mara kwa pantoni. Mama aliketi juu ya sanduku lake, akavua sweta. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona bila sweta.

Musoma, Ombati alitukimbilia kituoni akiwa na vumbi la mbao nywelani. Walipomaliza kukumbatiana, nilimvuta pembeni. "Barua iko wapi, kaka?"

Alitazama chini. "Niliiandika mara tatu, nikaichana. Niliona kama nakunyang'anya mama."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye tangu Sirari. Nikamkabidhi sanduku la Mama.

Nililala kwao siku tatu. Asubuhi ya mwisho nilimkuta Mama uani, kakunja mikono ya gauni, akimwelekeza wifi yangu namna ya kumshika kichanga katika karai la maji. Alitoa amri zilezile za wodini, mfululizo, bila kukatishwa na kikohozi hata mara moja. Nilisimama mlangoni nikasikiliza hadi mtoto akafutwa na kuvishwa. Kisha nikaaga.

Nyamira nilifika Ijumaa. Kesho yake, siku yetu ya Sabato, tulipotoka kanisani, jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya kulaumu, "Umemwacha mama yako kwa nani?"

Miaka yote ile nilikuwa nikimtunza Mama kana kwamba nimemzaa mimi, na kana kwamba yeye hakuzaa mwingine ila mimi. Nilitoka nyumbani nikiamini hivyo.

"Kwa mwanawe," nilimjibu.