Goma–Kinshasa ni saa mbili na kitu kwa ndege: mama yangu alivyogoma Nairobi

Wakuu, salaam kutoka Goma. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo ya kusimuliwa. Mama akijua nimeyaleta humu, sijui nitakula wapi.

Mdogo wangu Arlette alikuwa anaolewa Kinshasa, na alisema haingii kanisani bila mama.

Nikaangalia kwenye simu: kilomita kama elfu moja na mia tano, ndege saa mbili na kitu. Nikamwambia mama ni karibu tu.

Sikuuliza ndege inaruka kutoka wapi.

Uwanja wetu umefungwa kwa sababu ya vita. Yaani kwenda mji mkuu wa nchi yako, unaanza kwa kutoka nje ya nchi! Tukavuka mpaka wa Rwanda kwa miguu hadi Gisenyi, basi hadi Kigali, ndege hadi Nairobi, halafu tusubiri ya Kinshasa.

Mama ni mtu wa Rutshuru, hajawahi kupanda ndege. Mkobani alibeba samaki wakavu wa Vitshumbi, amewafunga kwa vikwembe, yaani vitenge, vitatu. Abiria wote walijua wapo.

Sasa tuko transit Nairobi, mama akasikia tangazo la Kiswahili kwenye spika. Akatabasamu.

"Tumefika! Nilikuwa naogopa Lingala bure. Kumbe Kinshasa banaongea Kiswahili ya Biblia kabisa."

"Mama, bado ndege moja."

"Unanidanganya. Mupigie Arlette akuje kutupokea."

Nikapiga, nikampa simu.

"Arlette, tumefika. Wewe uko wapi?"

"Mama, hapo ni Kenya!"

Wakuu, mama alikaa sakafuni palepale. Wenzetu wameshaanza kuingia kwenye ndege.

"Vita ya kwanza," akasema, "papa yako aliniambia tunaenda Bunagana siku mbili. Nikajikuta kambini Uganda, miaka. Leo munaniambia harusi, najikuta Kenya. Mimi sikimbie tena."

Kicheko kikaniisha. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, hatukimbii. Nyumba yetu ya Katindo kule Goma iko, na papa yuko ndani."

"Tiketi ya kurudi iko?"

"Iko."

"Apa."

Nikaapa. Akainuka, akapangusa kikwembe chake.

"Basi tembea haraka, muko munatuchelewesha!"

Tuliingia wa mwisho.

Harusini alipewa maikrofoni. Akamgeukia bwana harusi:

"Mukwe, nimepita inchi mbili za batu ili nifike katika inchi yangu. Ukimusumbua mutoto yangu, ujue njia nimeshaijua."

Ukumbi mzima ulisimama. Bwana harusi alicheka, ila kidogo tu.

Nilichojifunza: simu itakupa umbali, lakini vita haivijui. Na ukisafiri na mzazi aliyewahi kuwa mkimbizi, mweleze njia yote kabla hamjafunga mlango.

Nanyi mliozunguka nchi za watu ili kufika kwenu, mlipitia wapi? Uwanja ni wenu.