Mapengo Katika Wimbo wa Rosebella

Rosebella Naliaka haimbi, anaita. Hata mkiwa mmeketi jikoni magoti yakigusana, anaimba kana kwamba wewe uko ng'ambo ya shamba la mahindi na mvua inakuja. Mimi ni jirani yake hapa Kapsoya tangu watoto wetu wakiwa wachanga. Duka langu la nafaka na chumba chake cha kufumia sweta vinatumia ukuta mmoja, kwa hiyo nina haki ya kusema: nimemsikia kuliko mumewe.

Kwao ni upande wa Kimilili. Aliletwa Eldoret na Lawrence Murunga, fundi wa kujenga kwa mawe, mwanamume mkimya ambaye ukimsalimu anafikiria kwanza kabla ya kujibu. Rosebella alifanya kazi ya kiwandani kwa muda, halafu akanunua mashine kuukuu ya kufuma akaanza kutengeneza sweta za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, sweta hujaa chumbani mle hadi darini, za kijani, za bluu, za rangi ya damu ya mzee, naye anabaki na kijia cha kupitia ubavu. Jumapili anavaa vizuri anakwenda kuongoza kwaya. Yeye ndiye anayetoa wimbo, wenzake wanaitikia. Arusi, harambee, matanga, hakuna mahali Rosebella hakuitwa. Na hakuna aliyewahi kumrekodi sawasawa. Sauti yake imo kwenye simu za watu, nyuma ya vigelegele na watoto wanaolia.

Wimbo wake mwenyewe ni mmoja. Aliutunga kutokana na mama yake, ambaye jioni alikuwa akisimama mlangoni kuwahesabu watoto wakirudi kutoka shambani. Rosebella anaanza juu kabisa, mahali ambapo mimi hata nikikanyagwa sifiki: "Nani amebaki nyuma?" Kwaya inaitikia chini: "Hakuna, Mama, tumefika wote." Anauliza tena: "Nifunge mlango?" Nao: "Funga, Mama, tulale." Ni huo tu, ukizunguka. Nimeona wazee wa kanisa wakivua kofia kujipangusa macho kwa sababu ya mlango huo.

Sasa, kuhusu ile shingo. Kwa muda mrefu alikuwa akivaa leso shingoni, akituambia baridi ya Eldoret imemzidi. Baridi gani, na sote tuko baridini? Lawrence ndiye aliyegundua kwamba mkewe hawezi tena kulala chali, anakosa hewa. Mtu huyo asiyesema kitu akasema siku hiyo, na kesho yake wakaenda hospitali. Ilikuwa goita, tena imekua ikaanza kubana koo la hewa. Lazima ikatwe. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akawaeleza bila kuficha kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita papo hapo panapokatwa. Wengi wanapona wakazungumza kama kawaida. Lakini aliposikia kwamba mgonjwa wake ni mwimbaji, alisema hawezi kuahidi lolote kuhusu sauti za juu.

Rosebella alitoka huko akaja moja kwa moja kusimama mlangoni pa duka langu.

"Mama Kiarie," akasema, "hii sauti lazima niiweke mahali kabla hawajanikata."

Mimi nikaanza yale tunayosema sote: Mungu yuko, daktari ni mzuri, usijitie presha bure. Akanitazama jinsi mteja anavyonitazama akikuta wadudu kwenye mahindi. Niligundua kwamba hakuja kufarijiwa, alikuja kunipa habari.

Binti yake, Joy, yuko Nakuru, anafanya kazi kwenye kampuni ya simu. Alituma maiki ndogo isiyozidi gunzi kwa ukubwa, ile inayochomekwa kwenye simu, pamoja na spika za masikioni na maelezo marefu kuliko mahubiri. Rosebella aliyasikiliza nusu. Akafunga mlango wa chumba cha sweta, akasimama mbele ya maiki, akaita kama kawaida yake. Nilimsikia kupitia ukutani, kunde zikanitoka kwenye kipimo. Kisha akaja kuniita nisikilize. Nilichosikia ni mahindi yakipasuka kwenye kikaango. Maiki ilikuwa imeshindwa kumbeba.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka. Alisema, "Kumbe nitaanza kujifunza kuimba sasa, uzee huu," akarudi ndani.

Na alijifunza. Sijaona mtu mzima akijirudisha darasa la kwanza namna ile. Joy alimfundisha kwa simu, na yaliyobaki aliyatazama kwenye video huku mashine ya kufuma ikiendelea. Maiki uiweke mbali na mdomo, upana wa kiganja kilichofunguliwa. Ukipanda juu, geuza uso kidogo ili sauti ipite kando. Herufi zinazotoka kwa nguvu midomoni zinapiga maiki kofi, kwa hiyo akachukua hanga yangu ya waya, akaikunja ikawa duara, akaivalisha soksi ndefu ya kike na kuitundika mbele ya maiki kama chujio. Alijaribu sebuleni, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Akarudi kwa sweta zake, na huko ikatulia, kwa sababu sufu inameza mwangwi wote. Nilimwambia kumbe miaka hii yote alikuwa akikaa studio bila kujua. Hapo alitabasamu kidogo.

Shida ilikuwa pumzi. Ukiimba kwa nguvu, pumzi inakwenda na kelele, hakuna anayeuliza. Ukiimba taratibu karibu na maiki, lazima uishikilie pumzi uitoe kidogo kidogo, na koo la Rosebella lilikuwa limebanwa. Kila akivuta hewa, maiki iliiambia dunia nzima jambo hilo. Kanisani hatukujua. Kanisani, kwaya ikiitikia, ndipo alipokuwa akipumua. Waitikiaji ndio walikuwa wakimsaidia siku zote bila wao wenyewe kufahamu, na sasa chumbani alikuwa peke yake.

Akabadilisha njia. Asubuhi anasimama mgongo ukiwa ukutani, mkono tumboni, anavuta hewa mpaka chini, anaitoa kwa kuvumisha midomo iliyofungwa. Mara ya kwanza nilidhani mashine yake imeharibika. Alirudia mpaka nikaanza kuvumisha nami nikipima maharagwe. Halafu akaacha kurekodi wimbo mzima, akawa anachukua mstari mmoja, anapumzika, anachukua mwingine.

Lakini mtaa hausubiri mtu. Mchana mvua inapiga mabati. Asubuhi kuna jogoo, kuna boda boda, na kubwa kuliko yote ni mashine ya unga ya Wepukhulu, ng'ambo ya barabara, inayotetemesha hata mizani yangu. Basi Lawrence, ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, alivuka barabara akamweleza Wepukhulu shida ya mkewe. Sijui alitumia maneno mangapi, hayawezi kuwa mengi. Tangu siku hiyo, asubuhi watoto wakishaingia shule, mashine ilikuwa ikizimwa kwa muda. Wateja wa unga walinung'unika wakiwa na madebe yao. Kazi ya kuwanyamazisha niliichukua mimi, na msinione hivi, naijua kazi hiyo.

Siku aliyomaliza sehemu yake alinivalisha zile spika za masikioni. Jamani. Ilikuwa sauti ileile, lakini mara hii haikuniita kutoka ng'ambo ya shamba. Ilikuwa imesogea ikakaa karibu nami. "Nani amebaki nyuma?" ikauliza. Kisha kukawa na kimya, kimya kirefu, hata nikadhani simu imezima. Kisha: "Nifunge mlango?" Na kimya tena.

Nikamuuliza mbona wimbo una mapengo. Akasema hayo ni mahali pa waitikiaji, alikuwa ameimba akiwasikia kichwani na kuwaachia nafasi yao, kama siku zote. Nikamwambia Joy amesema mtu mmoja anaweza kuimba sauti zote, moja juu ya nyingine, simu inaziunganisha.

"Hapana," akasema. "Mtu hawezi kujiita halafu ajiitikie. Huo ni wazimu. Ni kama kubisha hodi kwako na kujifungulia."

Ukishafika hapo na Rosebella, umefika mwisho wa barabara. Mwalimu Wasike, anayeifundisha kwaya, akapanga waje Jumamosi kuitikia, kwa maana Jumatatu mwimbaji wao alikuwa anaingia hospitali. Wakaja, wakajibana katikati ya sweta, wanene kwa wembamba. Kabla hata hawajapata sauti ya kuanzia, anga likafunguka. Haikuwa mvua tu, ilikuwa mvua ya mawe, ile ya kwetu inayoacha shamba likiwa jeupe. Mabati yalinguruma mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Tukanywa chai. Tukangoja. Tukanywa nyingine. Ilipofika jioni mvua ilikuwa bado inaendelea na watu walikuwa na watoto wa kupikia.

Mwalimu Wasike alisema watarudi katikati ya juma wamalizie wakati Rosebella yuko wodini. Rosebella akakataa. Hiyo maiki haiguswi kama yeye hayupo. Nilimwona akizikunja nyaya, akiifunga maiki kwa kitambaa kama kitu cha altare, na nikamwonea huruma.

Upasuaji ulikwenda vizuri, tumshukuru Mungu na yule daktari. Alirudi nyumbani akiwa na alama nyembamba shingoni, akalala chali kama mtu mwingine yeyote. Sauti ya kuzungumza ilirudi polepole, kwanza mnong'ono, kisha mikwaruzo, kisha ikatulia chini, nzito, kama ya dada mkubwa wa Rosebella ambaye hatukuwahi kukutana naye. Daktari alimwambia avumilie. Akavumilia. Kisha asubuhi moja nilimsikia akianza wimbo wake. Alipofika pale juu, sauti ilikatika. Akaanza tena, ikakatika palepale. Mara ya tatu hakujaribu.

Niliacha duka wazi nikaingia kwake. Alikuwa ameketi juu ya rundo la sweta, spika zikiwa masikioni, akijisikiliza.

"Huyu mwanamke alikuwa anajua kuimba," akaniambia.

Akalia. Nami nililia, na mimi si mtu wa kulia wateja wakiwa wanangoja.

Baada ya hapo kanisani hakuonekana. Mwalimu Wasike alituma ujumbe kwamba kwaya iko tayari siku yoyote atakayotaka, akajibu kwamba atawaambia. Hakuwaambia. Kupitia ukutani nilisikia mashine ya kufuma tu, ikienda na kurudi, na nikaanza kuichukia. Nilimpelekea uji. Nilimpelekea umbea mzuri kabisa wa mtaa, ukamwingilia sikio hili ukatokea lile. Halafu nikasikia kitu kingine katikati ya kelele ya mashine, nikasimamisha mkono kwenye gunia. Alikuwa anavumisha midomo. Chini, chini sana, lakini kwa pumzi ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata akiwa mzima. Koo lilikuwa limefunguka. Alikuwa na hewa sasa, hewa ya kutosha, na alikuwa akiifanyia mazoezi kila siku bila kumwambia mtu.

Ndipo asubuhi moja mashine ya unga ya Wepukhulu ikazimika ghafla. Stima ilikuwepo. Nikatazama nje nikamwona Lawrence akivuka barabara kurudi nyumbani, mikono mfukoni, hatazami mtu. Sikuhitaji kuelezwa. Nilitoka nikasimama barabarani, nikamshusha mwenye boda boda aisukume pikipiki yake kwa miguu, nikawaonyesha wenye madebe kidole mdomoni. Walinitii. Nadhani waliuona uso wangu.

Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo, mkono ukaniita. Chumbani joto la sufu, maiki imesimama, soksi mbele yake. Nilitazama kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Akanivalisha spika masikioni.

Ile sauti ya zamani ikapanda mpaka kule kwake juu: "Nani amebaki nyuma?" Nikangoja kimya ninachokijua. Badala yake, katika lile pengo, sauti nzito yenye mikwaruzo ikajibu kutoka chini, bila haraka:

"Ni mimi, Mama."

"Nifunge mlango?" ikauliza ile ya juu.

"Usifunge. Niko njiani, naja."

Hayakuwa maneno tuliyoyazoea kanisani. Wimbo ukazunguka, sauti zote mbili zake, moja ikiita na nyingine ikiitikia, na kila pengo lilikuwa na mtu ndani yake. Nilizivua spika nikiwa siwezi kuona vizuri. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu wazimu wa kujibishia hodi mwenyewe, lakini utani haukutoka. Nilimshika mkono tu, nikamwambia sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani mwangu.

Yeye alikuwa tayari ameinamia simu, uso umekunjamana.

"Hapo mwisho pumzi imesikika," akasema kwa ile sauti yake mpya. "Enda umwambie Wepukhulu asiwashe bado. Narudia."